Mtambo wa data wauzwa, leseni yabaki kwa mwenyewe

KAMPUNI inaponunua mtambo uliotumika wa kuhifadhi data, hupata kabati la chuma, diski na nyaya kwa bei iliyo nafuu mno kuliko ya mtambo mpya. Kile ambacho huenda isikipate ni idhini ya kutumia programu inayouendesha. Bila programu hiyo, kabati hilo ni chuma tu.

Chombo ni mali ya aliyekilipia, naye aweza kukiuza apendavyo. Programu nayo hulindwa na sheria ya hakimiliki, na aghalabu anachopewa mnunuzi wa kwanza ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Mara nyingi mojawapo ya masharti hayo ni kwamba ruhusa hiyo haihamishwi pasipo kibali cha mtengenezaji.

Katika mitambo hii suala hilo ni zito kwa sababu uwezo wake mwingi umo ndani ya programu. Kunakili data hadi mtambo mwingine ulio mbali, au kuhifadhi sura ya data jinsi ilivyokuwa saa fulani, ni kazi ambazo kila moja huweza kuhitaji leseni yake, na leseni hizo mara nyingi hufungamanishwa na nambari ya mtambo. Ipo hata mitambo ambayo programu yenyewe huwekwa katika diski zizo hizo za data. Muuzaji mwaminifu anayezifuta ili siri za wateja wake zisivuje hujikuta amefuta na programu, na mnunuzi akiomba nakala nyingine huulizwa kwanza iwapo jina lake limo katika orodha ya wenye leseni.

Mahakama hazijawa na kauli moja. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1908 kwamba mchapishaji Bobbs-Merrill hangeweza kulizuia duka la Macy's kuuza riwaya yake kwa senti 89, ingawa ndani ya kitabu palikuwa na onyo kwamba kisiuzwe chini ya dola moja. Kwa miaka mingi wauzaji wa bidhaa zilizotumika waliegemea msimamo huo. Lakini mwaka 2010, katika kesi ya Vernor dhidi ya Autodesk, mahakama ya rufaa ya nchi hiyo ilishughulikia nakala za programu ya AutoCAD zilizouzwa na kampuni ya wasanifu majengo, kisha zikanadiwa katika mtandao wa eBay. Ilisema kampuni hiyo haikuwa mmiliki wa nakala hizo bali mwenye leseni tu, na kwa hivyo haikuwa na haki ya kuziuza.

Ulaya ilifuata njia nyingine. Mnamo Julai 3, 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika mzozo wa Oracle na kampuni ya Ujerumani ya UsedSoft, kwamba leseni isiyo na kikomo cha muda iliyolipiwa ni mauzo kamili, na mwenye hakimiliki hawezi kuzuia isiuzwe tena, hata mkataba ukisema vingine. Hata hivyo uamuzi huo una mipaka. Muuzaji sharti aache kutumia nakala yake. Leseni ya watumiaji 25 haigawanywi ili wengine wauziwe nafasi za ziada. Mkataba wa matengenezo, kwa kuwa ni huduma, haumfuati mnunuzi mpya. Mwaka 2016 mahakama hiyo iliongeza kwamba nakala ya akiba haiuzwi badala ya ile ya awali iliyopotea au kuharibika.

Kwa mnunuzi, wakati wa kuuliza ni kabla ya fedha kutolewa. Aitishe nambari za mtambo, stakabadhi ya ununuzi wa kwanza na leseni zenyewe, kisha amwandikie mtengenezaji kujua kama zaweza kuhamishwa. Baadhi ya watengenezaji hukubali kwa fomu na ada. Wengine hudai leseni mpya, ambazo gharama yake huweza kupita bei ya mtambo. Ahadi ya mdomo ya dalali kwamba "kila kitu kimo ndani" haitoshi. Iandikwe katika mkataba wa mauziano, pamoja na sharti la kurudishiwa fedha kibali kikikosekana, na sehemu ya malipo izuiliwe hadi mtengenezaji ajibu.