Mubirizi: Jina, Uchungu na Ushahidi wa Sayansi

Ukishuka kutoka Bukavu hadi Uvira, Baraka na Fizi, kisha ukavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, utakuta pande zote mbili mti mdogo wenye majani machungu mno. Washi huuita mubirizi, Warundi umubirizi, Waganda mululuza, na Watongwe wa Milima ya Mahale mjonso. Wataalamu wa mimea waliuita Vernonia amygdalina. Siku hizi wengi wao huuita Gymnanthemum amygdalinum. Makala haya yanakusudia kueleza yale ambayo sayansi imeyathibitisha kuhusu mti huu na yale ambayo bado. Kwa mzazi wa Baraka aliye na mtoto mwenye homa, tofauti hiyo ni suala la uhai.

Uchunguzi uliovuta macho ya ulimwengu ulifanyika Mahale, katika mkoa wa Kigoma, Novemba 1987. Michael Huffman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alikuwa pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe na mhifadhi wa wanyama. Walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku, mgonjwa na mnyonge, akiambua ganda la chipukizi la mjonso, akitafuna kiini chake na kufyonza maji yake machungu. Majani na ganda hakuyagusa. Baada ya siku moja hivi alikuwa mzima. Kalunde ndiye aliyeeleza kwamba kwa Watongwe mti huo ni dawa ya tumbo. Wawili hao walichapisha taarifa yao kwa pamoja mwaka 1989.

Mwaka 1991 sokwe mwingine alionekana akifanya vivyo hivyo. Mayai ya minyoo ya utumbo katika kinyesi chake yalipungua kutoka 130 hadi 15 kwa gramu moja katika muda wa saa 20. Katika maabara za Japani kiini cha mti kilikutwa na vernoniosidi B1, yenye uwezo wa kudhoofisha vimelea. Majani yalikuwa na vernodalini kwa wingi, nayo iliua panya waliopewa. Hivyo sehemu ya mti itumikayo, na kipimo chake, si jambo dogo.

Je, malaria? Huko Uganda wagonjwa 33 wenye umri wa miaka 12 na zaidi walinyweshwa maji ya majani hayo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Hadi siku ya 14, asilimia 67 walikuwa wamepata nafuu, wala madhara makubwa hayakuonekana. Lakini miongoni mwa waliopata nafuu, asilimia 32 tu ndio walioondokewa kabisa na vimelea; na kati ya hao, asilimia 71 vimelea viliwarudia. Kwa maneno mengine, mgonjwa aweza kuinuka kitandani hali ugonjwa ungali damuni mwake. Isitoshe, utafiti huo haukuhusu watoto wadogo, ambao malaria huwaua zaidi.

Hapa lugha nayo ina sehemu yake. Katika Kiswahili neno uchungu hutaja ladha na maumivu pia, na watu wengi huamini kwamba kichungu hufukuza kichungu. Kwinini, ambayo ni chungu na hutibu malaria kweli, imeitia nguvu imani hiyo. Hata hivyo, ladha si ushahidi: dawa na sumu zote mbili zaweza kuwa chungu.

Tangu mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu, maelfu ya watu wa Fizi na Uvira wameishi Kigoma, na maarifa ya miti husafiri pamoja na wenyewe. Anayekusanya msamiati wa dawa kandokando ya ziwa hana budi kuandika zaidi ya jina: mti umetambuliwa na nani, hutumika sehemu gani, kwa kiasi gani, kwa ugonjwa gani, tena aweke na tawi lililokaushwa, maana jina moja huweza kubeba miti miwili. Bila maarifa ya Kalunde, Huffman angeona sokwe akitafuna kijiti tu. Na bila maabara, hatari iliyomo majani isingepimwa. Kwa sasa mubirizi unastahili utafiti zaidi kuhusu minyoo. Mtoto mwenye homa, yeye apelekwe kupimwa damu na kupewa dawa mseto siku hiyo hiyo.