Mwambao: je, tulikodishwa kwa miaka 50?

Kila habari ya Mwambao inapozuka barazani, hakosi mtu wa kusema kuwa Pwani ilikodishwa kwa Kenya kwa miaka 50, na muda wenyewe uliisha 2013. Wengi wanaamini hivyo, na si watu wa mzaha. Lakini makaratasi yanasema nini?

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar ana visiwa vyake na ukanda wa maili 10 kwenda bara, toka mto Minengani kusini hadi Kipini. Wao ndio waliopima. Sultani aliletewa akakubali. Mwaka 1890 Wajerumani wakanunua upande wao kwa marki milioni 4, ndiyo maana huwasikii watu wa Tanga wakibishana haya. Upande wetu haukuuzwa. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani Hamad bin Thuwaini aliwapa Waingereza utawala tu, kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Enzi ilibaki yake. Kwa hivyo 1920 bara ilipofanywa Koloni, sisi tulibaki Himaya.

Basi kukodishwa kulikuwako, ila mpangaji alikuwa Mwingereza.

Mkataba wa tarehe 8 Oktoba 1963 ulifuta ule wa 1895. Uingereza, Sultani, Kenya na Zanzibar walikubaliana kuwa siku Kenya itakapopata uhuru, enzi ya Sultani itakoma na ukanda utakuwa sehemu ya Kenya. Miaka 50 haimo. Na Julai 1964, kule Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kuwa mipaka iliyokutwa siku ya uhuru iheshimiwe.

Hoja nzito ni nyingine: wenyeji hawakupigishwa kura ya maoni. Sir James Robertson alikuja 1961, akasikiliza wajumbe, akapendekeza tuunganishwe na Kenya. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema visiwa vya Chagos vilitengwa na Mauritius kinyume cha sheria, kwa kuwa watu hawakuridhia kwa hiari yao. Wapo wanaoyashikilia maoni hayo ya ushauri. Mimi naona kesi si moja: pale koloni lilikatwa kipande, hapa sehemu mbili ziliunganishwa na mwenye enzi akatia sahihi.

Linaloniuma zaidi limo katika barua walizoandikiana Kenyatta na Shamte tarehe 5 Oktoba 1963. Kenya iliahidi kuhifadhi mahakama za kadhi, na leo zimo katika Ibara ya 170 ya Katiba. Iliahidi vijana wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu. Tena iliahidi kutambua hati za umiliki wa ardhi zilizokwisha sajiliwa Pwani. Sasa nani alikuwa na hati? Ni waliowahi kudai chini ya sheria ya 1908. Mmijikenda aliyelima shamba la babu yake bila karatasi, na Waswahili wengi vilevile, waliamka wakaitwa maskwota.

Anayetolewa shambani leo Kilifi au Kwale hatapata kitu kwa kusubiri mkataba wa miaka 50. Ibara ya 67 ya Katiba imeipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na hapo ndipo pa kuwabana wakubwa wetu.