Mbwa Asiyeweza Kutembea Vizuri Baada ya Kupasuliwa

Mbwa wa boma akigongwa na gari au pikipiki, wako wakulima wanaotoa fedha nyingi ili daktari wa mifugo ampasue. Mbwa hurudi nyumbani, lakini miezi miwili ikipita bado anaburuta miguu ya nyuma. Hapo mwenyewe husema, "Fedha zangu zimepotea," na mbwa huachwa nyuma ya stoo alale katika mkojo wake. Jambo hili halifai, tena ni hatia. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama, na kumnyima chakula au maji ni kumtesa.

Mbwa aliyekatwa mguu mmoja hana shida kubwa. Atajifunza kutembea kwa mitatu, na kazi yako ni kumzuia asinenepe. Taabu ni ya yule aliyeumia mgongo.

Amri ya kutembea hutoka katika ubongo na kupita ndani ya uti wa mgongo. Fikiri juu ya mfereji wa maji: ukizibwa juu, shamba la chini hukauka ingawa halina kosa. Miguu ya mbwa huyu ndiyo shamba la chini. Daktari aweza kuondoa kitu kinachobana uti, lakini hawezi kuunga uti uliokatika. Uvimbe nao hupungua polepole, kwa hiyo nguvu nyingine hurudi baada ya majuma kadhaa. Bana kidole cha mguu wa nyuma. Mbwa akigeuka au akilia, anasikia maumivu, na hiyo ni dalili njema. Mguu ukijikunja tu na mwenyewe hana habari, usidanganyike. Mguu huweza kujikunja bila ubongo kujua.

Mlaze mahali pakavu, juu ya gunia lililojazwa majani makavu kwa unene wa sentimita 15. Mgeuze ubavu kila saa nne. Tazama nyonga na viwiko kila siku, kwa maana manyoya yakitoka na ngozi ikawa nyekundu, kidonda kimeanza. Nzi hutaga mayai hapo na funza huingia upesi.

Lakini jambo linaloua mbwa wengi wa namna hii ni mkojo. Mkulima huona mkojo ukidondoka, akadhani mbwa anakojoa vizuri. Huenda kibofu kimejaa mno na kinafurika, kama pipa la maji ya mvua. Mwombe daktari akuonyeshe kwa mikono yako mwenyewe jinsi ya kukikamua, mara tatu kwa siku au zaidi. Usijaribu kabla hujaonyeshwa, maana kibofu chaweza kupasuka. Mkojo ukinuka vibaya au ukiwa na damu, mrudishe kwa daktari. Kila mara mwoshe kwa maji safi na umkaushe.

Kumtembeza si kazi ngumu. Pitisha kanga kuukuu chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, ushike ncha zote mbili na kumwinua kidogo, naye atatembea kwa miguu ya mbele. Dakika tano, mara kadhaa kwa siku, zatosha. Kunja na kunyoosha kila kiungo polepole mara kumi, bila kulazimisha. Miguu inayoburutwa ivishwe soksi nene, kwani murram huichuna.

Usimpe dawa za watu za maumivu. Ibuprofen na diclofenac huharibu tumbo na figo za mbwa, na zaweza kumwua. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate kila mwaka kama wengine. Na mbwa ambaye hakuumia popote, akianza kulegea miguu na kudondosha mate, usimguse; piga ripoti kwa ofisi ya mifugo siku hiyo hiyo.

Je, anafaa kazi? Masikio na pua havikuumia. Akilala karibu na mlango atabweka usiku kama zamani, ila asifungwe mbali na nyumba, maana hawezi kumkimbia fisi.

Maadamu anakula, anamlaki mwenyewe na hana vidonda, mtunze. Akikataa chakula, vidonda visipone, na akilia mchana na usiku, mwite daktari amlaze kwa sindano. Usitumie nyama yenye sumu, kwa kuwa itaua mbwa wa jirani na tai pia. Dawa ya sindano hiyo nayo hubaki katika mzoga, basi mzike siku hiyo hiyo, shimo liwe refu, mbali na kisima.