Kusimamia na Kuongoza: Fundisho la Matuta ya Machakos (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulianza na maneno yenyewe. Kusimamia kumetokana na kusimama: msimamizi husimama penye kazi ili iende kama ilivyopangwa. Kuongoza ni ndugu wa kuongoka: kiongozi huonyesha njia, na watu huifuata kwa kuwa wamesadiki kwamba inafika. Leo tuyapime maneno hayo kwa kazi ambayo macho yanaweza kuiona.

Shuka kwenye matatu hapo Kyumbi, barabara ya kwenda mjini Machakos inapoachana na ile ya Nairobi na Mombasa, kisha uingie ndani ya Ukambani, nchi ya Wakamba hapa Kenya. Karibu kila mteremko unaolimwa umekatwa matuta, safu juu ya safu, kutoka bondeni mpaka karibu na kilele. Hiyo ni kazi ya jembe na sepetu, iliyofanywa na mamia ya maelfu ya watu kwa miaka mingi. Je, nani aliwafanyisha?

Katika miaka ya 1930 milima hii ilikuwa ikimomonyoka vibaya. Serikali ya kikoloni iliona tatizo hilo, na lilikuwa tatizo la kweli. Lakini ilisahau kwamba Wakamba walikuwa wamezuiwa kuhamia malisho mengine kwa sababu ya ardhi iliyotengewa walowezi. Ikaamua kwamba mifugo ni mingi mno, ikaanza kuipunguza kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kunadiwa kwa bei ya chini, huku kiwanda cha nyama cha Liebig, kilichojengwa Athi River, kikingoja ng'ombe wa kuchinja.

Mwaka 1938 Muindi Mbingu, mtu asiye na cheo chochote serikalini, aliongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi kumwona Gavana. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa, wakakataa kuondoka. Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Hata hivyo msimamo wa watu haukusafirishwa pamoja naye, na kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kuwapunguzia mifugo kwa lazima. Maofisa walikuwa na sheria, askari na hesabu za ng'ombe. Mbingu alikuwa na imani ya watu, na imani hiyo ndiyo iliyoshinda.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilirudi na mpango mkubwa wa kuhifadhi udongo. Wanakijiji walitolewa kwa zamu kuchimba matuta huku machifu wakisimama juu yao, na asiyefika aliadhibiwa. Matuta yalichimbwa, lakini mengi yalichimbwa kwa moyo mzito, na watu waliyahesabu kuwa ya serikali.

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1950, kazi ilipopitia mwethya, desturi ya Wakamba ya majirani kuitana kusaidiana kazi. Vikundi vilichagua viongozi wao wenyewe, na wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa waume zao walikuwa wakitafuta riziki mijini. Kikundi ndicho kilichoamua leo kichimbe shamba la nani na kesho la nani. Jembe lilikuwa lile lile, na mteremko ule ule. Kilichobadilika ni mwenye kazi.

Kisha ukaja mtihani. Uhuru ulipokaribia na amri kulegea, matuta mengi yaliachwa yabomoke, kwa sababu yalinuka utumwa. Lakini miaka ya 1970 na 1980 watu wa Machakos waliyarudia kwa hiari yao, wakachimba mengi kuliko yale ya enzi ya kulazimishwa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliichunguza iliyokuwa Wilaya ya Machakos na kutoa kitabu mwaka 1994. Walionyesha kwamba idadi ya watu ilipanda kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, ilhali udongo ulihifadhika vizuri zaidi na mavuno yakaongezeka.

Msomaji asidhani kwamba ninawadharau wasimamizi. Tazama tuta la fanya juu: mtaro huchimbwa kukatiza mteremko, na udongo hutupwa upande wa juu, ili kwa miaka shamba lijisawazishe lenyewe. Mstari usipopimwa sawasawa, maji hukusanyika penye upungufu, hulibomoa tuta la kwanza, nalo huangusha yaliyo chini yake. Nyimbo za mwethya haziwezi kunyoosha mstari uliopinda. Lazima awepo mtu wa kupima, wa kugawa zamu na wa kukagua. Uongozi usio na vipimo huchosha watu bure, na vipimo visivyo na uongozi huzaa matuta yatakayoachwa.

Ndivyo ilivyo katika karakana, shule, zahanati na ofisi zetu leo. Ratiba, daftari la mahudhurio na hesabu ya bidhaa ni kazi ya usimamizi, na ni lazima zitunzwe. Lakini meneja asiyeeleza kazi ni ya nini, asiyewauliza wanaoifanya, na asiyewaachia uamuzi wowote, anachimbisha matuta ya serikali. Atapata utiifu wa saa za kazi tu.

Basi wewe uliyepewa watu wa kuwaangalia, jipime kwa swali moja: ukiondoka kwa mwezi mzima, nini kitabomoka? Kama ni kila kitu, anza kesho asubuhi. Waite unaofanya nao kazi, waambie lengo, wasikilize, kisha waache wachague nani atangulie na shamba la nani lianze. Kamba ya kupimia ibaki mkononi mwako, lakini jembe liwe lao.