Vita vya Sakafuni: Mchezo wa Askari Wadogo

Wazazi kadhaa wametuuliza kama yafaa kumnunulia mtoto askari wa plastiki, wale wauzwao madukani kwa mfuko. Wachelea wasije wakamfundisha ukatili. Jawabu letu ni kwamba askari hao wakichezewa bila ya kanuni, mtoto atawagonganisha kwa nusu saa, kisha atawasahau mvunguni mwa kitanda. Wakichezwa kwa kanuni, humfunza hesabu na subira, na lililo kubwa zaidi, humfunza kushindwa bila ya kugombana.

Kanuni zenyewe si zetu. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alizitoa mwaka 1913 katika kitabu chake kiitwacho Little Wars, yaani Vita Vidogo. Mtu mzima huyu, aliyekwisha pita miaka 40, alikuwa akicheza sakafuni pamoja na rafiki zake, wakifanya vilima kwa majuzuu mazito ya vitabu vya elimu. Silaha yao ilikuwa mzinga mdogo wa springi, urushao kijiti cha mbao cha urefu wa inchi 1 hivi. Askari aliyepigwa akaanguka, huyo amekufa. Hapana dado katika mapigano yake, na kwa nyumba zetu ambazo dado haivuki kizingiti, hilo si jambo dogo.

Kwa wanaoanza, watosha wachezaji wawili, kila mmoja na askari 20 na mzinga 1. Mmoja hupanga uwanja kwa makopo, masanduku na vitabu vya shule (msahafu haumo katika hesabu hiyo, wala hatudhani kuna haja ya kusema). Akimaliza, ni yule wa pili achaguaye upande. Katika kanuni zote za Wells hii ndiyo tuipendayo mno, kwa kuwa aliyeuweka mlima kwa hila ataukuta mikononi mwa mwenziwe. Kisha hutandazwa kanga katikati kama pazia, kila mmoja akawapanga watu wake kwa siri, na kanga ikiondolewa vita vimeanza.

Huchezwa kwa zamu. Askari wa miguu huenda futi 1, wa farasi futi 2, nao hupimwa kwa uzi. Mzinga hausogezwi wala haupigi ila wawepo watu 4 karibu nao, ndani ya inchi 6. Wakiwapo, waweza kupiga mara 4 kwa zamu moja. Asiye na mzinga wa springi aweke kizibo cha chupa mahali pake, na toka hapo aisukume gololi kwa kidole. Kwa watoto wadogo twaiona ni bora, kwani haiparami macho. Askari wa pande mbili wakigusana, huondolewa mtu kwa mtu. Wells ana kanuni nyingine ndefu za mateka, lakini hizo zingoje. Kila zamu iwe na muda. Dakika 2 zatosha.

Tumewatazama vijana wetu barazani siku za Alhamisi jioni. Mara ya kwanza kila mtoto huwakimbiza watu wake wote mbele. Ifikapo zamu ya tatu mzinga wake umebakiwa na watu 3, nao umenyamaza, na hapo hahitaji mwalimu wa kumweleza. Ugomvi huzuka pale askari anapoegemea kitabu asianguke: yu hai au amekufa? Amueni kabla ya kuanza, tena muandike. Sisi twahukumu kuwa yu hai. Siku moja tulimwona kijana wa miaka kumi akimwokota askari wake aliyeangushwa nyuma ya kopo, mahali ambapo mwenziwe hakuona, akamlaza kando pamoja na wafu. Alishindwa mchezo ule kwa mtu mmoja.

Ama ile hofu ya ukatili, Wells mwenyewe aliikabili mwishoni mwa kitabu chake. Alisema kwamba mtu akicheza vita vidogo mara chache tu atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo mambo ya ovyo. Wakubwa hawakumsikia. Mwaka uliofuata, 1914, vita vikazuka Ulaya, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule vikafika Tanga, na waliouawa huko hawakurudishwa sandukuni jioni ili wachezwe kesho.

Neno moja kwa akina mama. Askari wa zamani wa chuma laini, kama wapo nyumbani, wengi wao ni wa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Msiwaache watoto kuwatia kinywani. Na mwenye mtoto mchanga atambaaye afagie uwanja mchezo ukiisha, maana gololi humezwa. Asiye na fedha za askari akate magunzi vipande vya inchi 1, jeshi moja alipake mkaa. Magunzi husimama vizuri, na yakigongwa huanguka vizuri.