Kabla ya Kuzima Taa, Tazama Friji

Nyumba nyingi za Kilwa Masoko na Lindi mjini zikitaka kubana LUKU huanza na taa. Mtoto akisahau kuzima taa ya uani, nyumba nzima itamsikia mama yake. Lakini balbu ya LED ya wati 9 inayowaka saa 5 kila usiku hula uniti 1.35 tu kwa mwezi. Friji iliyochoka humaliza kiasi hicho kabla siku haijaisha.

Uniti chache zina uzito kwa sababu ya bei. Kwa viwango vilivyopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, mwaka 2016, mteja wa D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, hadi uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Anayezidisha mara kwa mara huweza kuhamishiwa T1, ambako hata uniti ya kwanza ni shilingi 292. Ukijumlisha kodi na tozo, shilingi 10,000 humpa wa D1 takribani uniti 77, na wa T1 uniti 28. Na ukisema gesi ya Songosongo, iliyo ndani ya wilaya ya Kilwa, inaendesha mitambo ya umeme ya Ubungo, Dar es Salaam, tangu 2004, hivyo umeme hapa uwe nafuu, jibu ni kwamba bei ya TANESCO ni moja nchi nzima. Kuishi karibu na kisima hakupunguzi kitu.

Kwa nini friji? Kwa sababu haitengenezi baridi, inahamisha joto. Kompresa hukandamiza gesi mpaka ipate moto, kisha joto hilo hutokea kwenye koili za mgongoni au ubavuni na kupokewa na hewa ya chumba. Msimu wa kaskazi, chini ya bati lisilo na dari, hewa hiyo tayari ni ya moto, na kompresa hukosa nafasi ya kupumzika. Bahari nayo huongeza mambo mawili. Mvuke wake hupenya kwenye raba ya mlango iliyolegea na kuganda ndani. Barafu ikinenepa, huzuia baridi kufika kwenye chakula. Chumvi yake hula koili na kushikisha vumbi, na koili chafu haitoi joto vizuri.

Pima mwenyewe. Usiku zima kila kitu isipokuwa friji, soma uniti kwenye mita, kisha soma tena baada ya saa 8, kabla mlango wa friji haujafunguliwa. Zikipungua 0.8, friji inakula 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa mwezi. Katika zile 75 za D1, hapo zimebaki uniti 3 za taa, feni, pasi na televisheni.

Tiba haihitaji fedha nyingi. Isogeze friji angalau shubiri moja kutoka ukutani, mbali na jiko na dirisha linaloingiza jua. Bana noti mlangoni: ikichomoka bila kukaza, safisha raba, na ikishindikana badilisha. Chomoa waya, piga koili brashi kavu, kisha ufute chumvi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa. Ikauke kabla ya kuwasha. Yeyusha barafu kabla haijafikia nusu sentimita, wala usiichokonoe kwa kisu. Sufuria ya mchuzi ipoe kwanza ndipo iingie. Nyuzi 4 zinatosha kwa chakula na 18 chini ya sifuri kwa samaki. Kukaza zaidi ni kulipia baridi isiyo na kazi.

Baada ya friji, tazama upepo. Feni ya wati 60 inaweza kuzunguka zaidi ya saa 15 kwa umeme ambao kiyoyozi kidogo hutumia kwa saa moja. Hata hivyo feni haipoozi chumba, inampooza aliyemo, hivyo ukitoka, izime. Dari chini ya bati, au paa la makuti, huzuia joto la mchana lisishuke chumbani, na hilo huisaidia feni na friji kwa pamoja.

Rudia kipimo cha usiku wiki moja baada ya matengenezo. Friji ikishuka kutoka uniti 72 hadi 45 kwa mwezi, umeokoa uniti 27, sawa na kuzima balbu 20 za LED kwa mwezi mzima. Isiposhuka kabisa, mwite fundi aangalie gesi na kompresa kabla hujanunua uniti nyingine za kuilisha.