AKIBA YA NGUVU ZA BREKI

Kila dereva wa lori ajua jinsi breki zinavyopata moto baada ya kuteremka mlima. Moto huo ni mafuta yaliyonunuliwa kwa fedha: yaliupandisha mzigo mlimani, kisha nguvu zake zikapotea hewani. Je, haziwezi kuwekwa akiba, kama unga uwekwavyo nyumbani?

Magari ya haibridi, yaani yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, hufanya hivyo. Dereva akanyagapo breki, mota hugeuka jenereta, na umeme huingia katika betri. Lakini betri ni mfano wa ghala kubwa lenye mlango mwembamba. Huweka mengi, bali hupokea polepole. Kufunga breki nako ni kazi ya sekunde chache. Ndiyo sababu mafundi hutafuta ghala lenye mlango mpana.

Ghala mojawapo ni gurudumu zito lizungukalo kwa kasi. Afrika ililiona zamani. Mwaka 1955 mabasi ya kampuni ya Oerlikon ya Uswisi yalianza kazi Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Kila basi lilikuwa na gurudumu la chuma la kilo 1,500 hivi, lililozunguka hadi mara 3,000 kwa dakika. Lilijazwa nguvu kituoni kwa umeme, likaendesha basi kilomita zipatazo 6. Lakini basi lilikuwa zito, lilikula umeme mwingi, na vyuma viliharibika. Mwaka 1959 yakaondolewa.

Wazo lenyewe halikufa. Mwaka 2012 gari la Audi lenye gurudumu jepesi la namna hiyo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, likawa la kwanza la haibridi kushinda huko. Toyota ilishindana mwaka huohuo kwa gari lenye kapasita. Chombo hiki hukusanya umeme juu ya uso wa bamba zake pasipo mabadiliko ya kikemia. Hivyo hujaa na kumwaga kwa sekunde, mara nyingi mno bila kuchakaa upesi. Upungufu wake ni kuweka kidogo kuliko betri ya uzito uleule.

Basi betri yafaa kwa safari ndefu, kapasita kwa breki na kuondoka. Nawe usiye na mtambo huo, uonapo njia panda kwa mbali, inua mguu mapema ungali katika gia. Mafuta usiyoyachoma hayahitaji ghala.